Mkanda wa Mwisho, Kama Ulivyousimulia Wewe

Mwaka umetimia, Baba, tangu mchana ule ulipojilaza baada ya chakula, ukasema unafumba macho kidogo tu. Hatujazoea. Mbele za watu tunajikaza, lakini ikifika saa nane mchana nyumba inapoa, na kila mmoja wetu anakaa kama anayesubiri taa zizimwe filamu ianze.

Kwa wanaosoma hapa bila kukufahamu, tuseme tu kwamba uliendesha mashine za ukumbi wa sinema kwa miaka thelathini na moja. Ulikaa juu, nyuma ya ukuta, kwenye chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili, pamoja na projekta mbili kuukuu ulizoziita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Mama alikuwa chini mlangoni, anakata tiketi. Watu walikutania kwamba una wake watatu. Ulikuwa unawajibu kwamba wawili wa juu ukiwapaka mafuta wananyamaza, huyu wa chini hujui umpake nini.

Filamu moja ilikuja kwa mikanda sita. Mashine moja ikikaribia kumaliza mkanda wake, kidoa kinatokea juu kulia mwa skrini, kinapotea, kisha kinatokea kingine. Cha kwanza unawasha mashine ya pili, cha pili unakanyaga kanyagio picha ihamie huko, na watu waliokaa chini hawajui kama kuna kitu kimebadilika. Ugonjwa huo ulikuja nao nyumbani. Nzi akitua juu kulia kwenye televisheni, mguu wako unakanyaga sakafu. Umetuambukiza wote, Baba. Hakuna mtu katika familia hii anayeweza kutazama sinema bila kukodolea macho ile pembe.

Ulikosea siku moja tu, au angalau hiyo moja ndiyo uliyokiri. Uliweka mkanda wa nne kabla ya wa tatu. Adui aliyeuawa na kuzikwa akaonekana anakunywa chai, mzima wa afya, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Ulipoulizwa na bosi ukasema, "Kila siku steringi ndiye asiyekufa. Leo nimemwonea huruma na mwenzake."

Dada, binti yako wa kwanza, ndiye uliyemfundisha kuvisha filamu kwenye mashine. Pitisha hapa, zungusha pale, acha kitanzi, usivute. Leo ni fundi cherehani, na anasema uzi haujawahi kumsumbua kwa sababu yako. Anaukumbuka ule mwale wa taa ukitoka kwenye kidirisha chako, vumbi likielea ndani yake taratibu. Alipokuwa mdogo aliamini vumbi lile ndilo watu wa kwenye filamu, kabla hawajafika ukutani wakawa na sura. Hata sasa akiketi kwenye cherehani mchana, jua likapita dirishani, anaacha kushona. Wateja wanadhani amesinzia.

Spika ya chumbani kwako ilikufa zamani na hakuna aliyejisumbua kuitengeneza. Filamu zote uliziona, lakini ulichosikia ni mngurumo wa mashine tu. Maneno ulijitungia. Naye Mama, kila mkanda wa mwisho ulipoanza, ilimbidi azunguke nje akasimame kwenye milango ya kutokea, aifungue watu wasije wakasongamana. Kwa hiyo Mama hakuwahi kuona mwisho wa filamu hata moja. Miisho yote aliipata kwako, asubuhi, kwenye chai.

Kuna moja aliyoipenda kuliko zote. Mwanamume anamsubiri mkewe kwenye kituo cha treni, siku nenda siku rudi. Mama aliishia pale mwanamume anapochana nywele kwa ajili ya treni ya mwisho, kisha akaenda kwenye milango yake. Wewe ndiye uliyemwambia yaliyofuata: mke alishuka na sanduku kubwa kuliko yeye, akamtazama mumewe juu mpaka chini, akaanza kumgombeza kwa kukonda. Kila ulipoisimulia uliongeza kitu. Mara sanduku limefunguka, mara mkuu wa kituo naye analia. Mama alikuwa anaweka kikombe chini. "Usiniambie!" anasema. "Nakwambia!" unasema.

Lakini Dada alikuwa na miaka kumi na sita alipopanda juu akutazamie mashine, akauona ule mkanda wa mwisho kwa macho yake. Treni ilifika, watu wakashuka, wakaisha. Mwanamume akapewa barua. Akaisoma, akakaa kwenye benchi, na filamu ikaishia hapo.

"Baba," alisema, "mbona hakurudi?"

Hukumtazama. Ulikuwa unafuta lenzi. "Mama yako anasimama kutwa nzima mwanangu. Mtu aliyesimama kutwa humwambii hakurudi. Umeona?"

"Nimeona."

"Basi hukuona."

Dada akaitunza siri hiyo miaka ishirini na mbili. Hata sisi wadogo zake hatukuijua.

Mwezi uliopita ukumbi ulitupigia simu. Wanaziondoa Bi Mkubwa na Bi Mdogo, nafasi inatakiwa, na kwa heshima yako wakatupa Jumapili moja mchana tuziwashe mara ya mwisho, sisi wenyewe. Kabatini ilibaki filamu moja tu iliyo kamili. Umeshaijua ni ipi.

Mama alifurahi kupita kiasi. "Sasa nitakaa ndani mpaka mwisho," alisema, "kama watu wengine." Akashonesha gauni. Dada ndiye aliyelishona, na kila pindo alilolikunja roho ilimuuma. Alijua Mama hana kitu chako kikubwa kuliko zile asubuhi za chai. Akiuona mwisho wenyewe, atarudi nyumbani na kuzipitia moja moja, akijiuliza zipi zilikuwa kweli. Na wewe hupo ujitetee.

Jumapili ikafika. Dada alivisha filamu, akaacha kitanzi, hakuvuta. Mama alikaa kiti cha katikati, peke yake katika mstari mzima, sisi na wajukuu nyuma yake. Ule mwale ukatoka, vumbi likaanza kuelea, na kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka kwamba umekufa. Tulihisi tu kwamba upo kazini. Vidoa vikaja, Dada akakanyaga, hakuna aliyejua. Mkanda wa tano ukaisha, skrini ikabaki nyeupe.

Dada akawasha taa za ukumbi, akashuka ngazi. Mkanda wa sita aliuacha juu ndani ya kopo lake, hajaufungua.

"Mama, wa mwisho umeoza. Tuishie hapa hapa."

Mama hakugeuka. "Umeoza, au umeuficha?"

Dada akageuka kutazama kidirisha cha juu.

"Mwanangu, aliyekuwa anafungua milango ni nani? Si mimi? Watu walikuwa wanatoka macho mekundu. Mmoja aliniegemea hapa begani, akalia mpaka nikalowa. Halafu asubuhi naambiwa amerudi na sanduku."

"Kumbe ulijua?"

"Tangu wiki ya kwanza."

"Na hukumwambia Baba?"

"Nimwambie ili iweje? Angeacha kunisimulia."

Dada alikaa kwenye kiti cha jirani, akalia pale pale mbele ya wajukuu, kilio cha miaka ishirini na mbili. Mama akampa leso, akamwacha amalize, kisha akamrudisha juu kwenye mashine. Aliutazama mkanda wa mwisho wote, mikono mapajani, bila kupepesa. Mwanamume alipokaa kwenye benchi, Mama naye alilia, na hakujificha. Anasema hakulia kwa ajili ya barua. Ilimjia kwamba ulikaa nyuma ya kile kidirisha ukaitazama barua ile ikisomwa mara nyingi hivyo, peke yako, na kila mara ukateremka na kitu cha kumchekesha.

Baba, Mama ametuagiza tuandike jambo moja, na tumeapa kuliandika kama alivyolisema. Anakuomba msamaha. Miaka yote ile, kila alipoweka kikombe chini na kusema "Usiniambie!", alikuwa anajifanya.

Tunaokukumbuka: mkeo, binti yako fundi, wanao wawili, dereva na mwalimu, wakwe zako, wajukuu zako watano, shemeji yako uliyezoea kumwingiza bure, na wafanyakazi wenzako wa ukumbini, waliobeba Bi Mkubwa na Bi Mdogo kwa mikono badala ya kuziburura.

Tutakukumbuka, Baba, siku zote tulizobakiza.