Maji Yaliyoandikwa Chini ya Imani

Jumanne, 9 Julai 1974

Leo kwa baba mkubwa Alute, mimi na Ndugu Leonidas, mtafiti wa Chuo Kikuu ninayemkalimania. Anachunguza utamaduni wetu sisi Wanyaturu "kisayansi". Kila neno la mzee lina kadi, kila kadi ina faili: Ndoa. Mazishi. Imani. Udongo na Maji.

Kamwuliza habari za mbuga ya chini, ambako inasemekana kitajengwa kijiji. Baba mkubwa kacheka. Pale hapakaliwi, kasema. Ukichimba, maji machungu. Ng'ombe wanayanusa, wanageuka. Wenye mahali, mizimu ya pale, waliwakataa watu tangu enzi za babu yake.

Nimetafsiri yote. Yote! Ndugu Leonidas macho yakamng'aa.

"Wenye mahali! Hiyo ni Imani, Theodora. Andika."

Nikauliza, na ng'ombe je? Akasema ng'ombe ni pambo la hadithi.

Nikaandika Imani. Kwa mwandiko mzuri kabisa.

Jumatatu, 16 Septemba

Bwana shamba, Fabiano, kaja kuomba faili la Udongo na Maji. Anapima mahali pa kijiji. Mbuga ya chini haina kadi humo hata moja — basi haina pingamizi!

Nikasema kuna kadi moja kwenye Imani, aisome. Akanikata: "Dada, nchi inajengwa kwa sayansi, siyo kwa mizimu."

Nikamtazama Ndugu Leonidas. Anafuta miwani. Msomi mzima! Kesho anapanda treni Manyoni kurudi Dar, hataki maneno na serikali.

Nami nikanyamaza. Niliogopa kuitwa mpinga Operesheni ya kuhamia vijijini. Hiyo ndiyo kweli, na humu daftarini hakuna wa kumdanganya.

Jumamosi, 19 Oktoba

Wamehamishwa kwenda mbuga ya chini. Mgambo wamebomoa tembe ya baba mkubwa, ukuta baada ya ukuta. Mkewe, mama mkubwa Martina, kabeba jiwe la kusagia kichwani, maili nne, hataki kupokewa. Nilimfuata nyuma na mikeka. Hakugeuka.

Jumatano, 13 Novemba

Kisima kipya cha mbugani kimetoa maji! Vigelegele, ngoma, katibu wa TANU kahutubia. Mama mkubwa Martina kapewa kata aonje wa kwanza.

Katema.

Magadi matupu. Wakaleta ng'ombe. Wakanusa, wakageuka. Bwana Fabiano kasema yatazoeleka.

Kisima cha zamani ni kule walikotoka. Kwenda na kurudi, nusu siku.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumemzika mtoto wa Raheli, jirani wa mama mkubwa. Miezi minane. Raheli alikuwa na homa, hakuweza kwenda kisima cha mbali, akampa mtoto maji haya. Kaharisha siku tano.

Siandiki zaidi.

Jumanne, 3 Desemba

Barua ya Ndugu Leonidas. Makala yake imesifiwa, hasa sehemu ya imani za maji. Ananishukuru! Anauliza kama wazee wana "masimulizi mapya" baada ya kuhamia. Nimeichana. Kisha nikaona haya, maana mwandiko kwenye ile kadi haukuwa wake, ulikuwa wangu.

Mchana Bwana Fabiano kaniita. Kijiji kitasogezwa. Safari hii wakubwa wanataka neno la wenyeji: mzee Alute aseme maji matamu yako wapi, niandike, atie dole gumba. Saa kumi anapita na gari kuchukua karatasi.

Nimekwenda. Nikapiga magoti mlangoni. "Shikamoo, baba mkubwa."

Kaendelea kusuka kamba. Halafu, kwa Kiswahili — yeye ambaye hajawahi kusema nami Kiswahili tangu nizaliwe:

"Karibu, mama. Serikali inataka nini?"

Mama, kama mgeni! Yeye ndiye aliyenipa jina langu la nyumbani.

Nikamweleza kwa Kinyaturu. Habari za maji. Kwamba safari hii watasikiliza.

"Andika hatujui," kasema, Kiswahili tena. "Wajuzi ni ninyi. Sisi tuna imani tu."

Nikasema watoto watakufa, baba. Mikono yake ikasimama kwenye kamba. Nikadhani atasema. Kainuka, kaingia ndani, kaegesha mlango.

Nimebaki hapa nje, daftari gotini. Ndani namsikia mama mkubwa Martina akimwambia kitu, polepole. Baadhi ya mahali penye maji matamu napajua, nilichunga mbuzi huku. Lakini nani atachukua neno langu? Na dole wanalotaka ni lake.

Gari limeshafika kwenye daraja. Mlango haukufungwa kabisa, umeegeshwa tu. Naacha kuandika, nausukuma —