Usiwaambie Kanisani Kwamba Nimepona

Buhembe, Jumapili

Koku mwanangu,

Mmeamkaje huko, waitu, wapendwa wangu? Mguu wa baba yako unaendeleaje? Mimi naamka, uji unapita, namshukuru Mungu. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yangu inakatika katikati, na wewe ukiisikia unaanza kulia.

Mwanangu, nilikudanganya. Nilipotoka Mwanza kwenye mionzi ya saratani ya koo, waliniandikia niwe nakuja kliniki hapa Bukoba kila baada ya miezi miwili niangaliwe. Ulipouliza nikasema wamenifungia faili. Hawakufunga. Ni mimi niliacha kwenda. Unakumbuka ile Jumapili ya shukrani nilivyosimama mbele nikasema nimepona kabisa, jogoo wangu akanadiwa mara tatu kwa kuwa kila aliyemnunua alimrudisha madhabahuni? Vile vigelegele vyote! Baada ya pale ningepandaje basi la Bukoba na faili kwapani, kina mama wananitazama? Wangesema nilimtolea Mungu shukrani ya uongo.

Sasa wiki iliyopita nafunga kitambaa kichwani, kidole kikagusa kitu chini ya sikio la kushoto. Kigumu, kama punje ya kahawa. Hakiumi. Ndiyo maana nilikuaga ghafla kwamba nakuja kumsalimia mama yako mdogo.

Daktari wa hapa ni binti wa umri wako. Akaniambia niingize vidole vitatu mdomoni, vimesimama. Kikaingia kimoja na nusu. Yale mazoezi ya kupanua taya waliyonipa Mwanza nayo niliyaacha. Akapitisha mpira mwembamba wenye kamera puani, akatazama kooni, kisha akanishika shingo.

"Mama, miezi yote hii ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimepona."

"Nani alikuambia?"

Ningesema ni mimi mwenyewe?

Akachoma sindano kwenye hicho kivimbe, akavuta, wakapeleka Mwanza kupima. Nikamuuliza, ugonjwa umerudi? Akasema, "Bado sijui, mama. Majibu ni Alhamisi. Hata kama umerudi, tukiuwahi kuna la kufanya. Ila usipotee tena."

Tangu hapo mkono hautoki shingoni. Mama yako mdogo ananipiga kofi: "Acha kukitomasa, hilo si parachichi!" Tulicheka. Halafu nikaenda kujifungia chooni.

Mwambie mama mchungaji bado nahudhuria kliniki, waniombee nikiwa hivihivi. Baba yako mweleze taratibu, akishakula. Bibi yako msalimie sana, ila usimwambie kwamba kahawa ya kutafuna aliyonifungia nimewapa wenyeji. Mate ya kuitafunia sina, mionzi iliyakausha.

Na wewe uje Alhamisi, Koku. Ukikosa basi, panda hata lori la ndizi. Ukae kulia kwangu, sikio la kushoto halisikii vizuri tangu mionzi. Daktari akianza kusema, sikiliza wewe. Mimi nitakuwa nimekushika mkono tu.

Naogopa, mwanangu.

Mama yako