Waya Mwekundu Chini ya Zulia

Jumatatu, 6 Mei

Ukungu tena. Nimefuta kioo cha mbele mara nne kabla ya kutoka Nkende, mara ya tano njiani, mkono mmoja kwenye usukani. Nikipumua tu, kinafunga ukungu. Nimewasha feni ya hita, ile inayokausha kioo. Namba moja, mbili, tatu, nne. Kimya. Skonsi zimefika Nyarero saa mbili, zimepoa.

Kazi hii ilikuwa ya mume wangu, Mwita. Mimi nilikuwa wa kuoka tu. Wiki ya tano sasa tangu tumzike. Alishuka kufuta kioo pale kwenye kona ya mteremko, lori likamkuta. Gari halikupata hata mkwaruzo. Nalichukia. Ndilo linalotulisha, mimi na mwanangu Ghati.

Jumatano, 8 Mei

Shemeji Marwa, mdogo wake Mwita, amepita nyumbani. Amesema tena, na jirani anasikia: mtu ambaye hajanywa hawezi kusimama barabarani kwenye ukungu. Alisema hivyo hivyo msibani. Sasa kila duka ninalopeleka skonsi wanalijua hilo neno. Wananipa pole huku wanaangalia pembeni.

Mwita aliacha pombe Ghati alipozaliwa. Miaka tisa. Kwenye harusi alikuwa anashika soda ya machungwa, anaipasha kwanza kwa viganja kwa sababu baridi ilimuuma meno. Nani anakumbuka hilo? Mimi tu.

Jumamosi ya wiki ijayo ukoo unakaa kumaliza msiba. Nataka waseme mbele ya watu kwamba hakunywa. Sitaki kingine.

Ijumaa, 10 Mei

Gari nimelipeleka kwa Shabani, fundi umeme wa magari. Mtu wa Tanga, maneno mengi.

"Mama Ghati, nyinyi mmezaliwa kwenye baridi. Hita ya nini? Mnataka kukaanga abiria?"

Nikamwambia ni kwa ajili ya kioo. Akafungua boneti. Na yeye alikuja kumzika Mwita.

Fyuzi nzima. Swichi nzima. Akatoa kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria, akalala chali, akachomoa soketi ya feni. Akaleta nyaya mbili kutoka kwenye betri, akagusisha. Feni ikaunguruma. Vumbi na majani makavu vikanirukia usoni.

Kumbe mota ni nzima. Umeme ndio haufiki. Akaenda kuswali Ijumaa, mimi nikarudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi, 11 Mei

Ameufuata waya wa feni. Nyuma ya redio umekatwa. Upande wenye umeme umeungwa na waya mwekundu, mnene, ukafungwa utepe mweusi. Tukaufuata huo mwekundu chini ya zulia mpaka nyuma kabisa. Unaishia hewani, karibu na matundu manne ya skrubu.

"Hapa palikaa muziki," Shabani akasema. "Tena muziki wa kushiba. Aliyeutoa hakurudisha waya wa watu. Alijua hakuna atakayegundua, maana kwenye jua hakuna anayewasha hita."

Naujua muziki huo. Desemba, msimu wa tohara. Mtoto wa Marwa alikuwa anarudishwa nyumbani, na Marwa alitaka gari letu litangulie na spika. Tulitembea nyuma yake, akina mama wote, vumbi mpaka magotini. Nilicheza hadi kiatu kikakatika. Nilifurahi sana siku ile.

Mwita alikuwa Musoma. Ufunguo nilitoa mimi.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda kanisani.

Asubuhi ile ya ajali Mwita alisema apitie kwanza kwa Shabani, feni iangaliwe. Nikamwambia skonsi zitapoa. Nikamwambia futa tu, uende.

Futa tu.

Jumanne, 14 Mei

Waya umeungwa. Feni inafanya kazi. Nilidhani nitafurahi. Nimekaa kwenye gari hapa uani, milango imefungwa, hewa ya moto inanipiga, nikalia kwa hasira. Ghati akagonga kioo, akauliza kama naumwa. Nikasema ndiyo.

Namchukia Marwa. Naandika hapa kwa sababu mbele ya mama yake sitaweza.

Jumamosi, 18 Mei

Kikao kwa mama mkwe. Wazee sita, Marwa, shangazi zake. Niliwaamkia wote, nikakaa kwenye mkeka.

Ilipofika kumzungumzia marehemu, Marwa akaanza. Kaka alikuwa mtu mzuri, ila kile kinywaji. Mzee mmoja akaitikia kwa kichwa, kama jambo la kawaida.

Nilikuwa nimepanga maneno wiki nzima. Yalitoka mengine, tena kwa sauti ndogo. Nikasema Mwita hakunywa. Alishuka kufuta kioo. Feni haikuwa na umeme kwa sababu waya wake ulikatwa Desemba, umeme ukapelekwa kwenye spika. Nikasema ufunguo nilitoa mimi, na asubuhi ile mimi ndiye niliyemharakisha.

Sikumtaja Marwa. Hapakuwa na haja. Wote walikula kwenye sherehe ile.

Mama mkwe akamgeukia. Akamuuliza kwa Kikurya, taratibu, kama anamuuliza mtoto: kaka yako alikuwa amekunywa?

 Marwa akasema hapana.

Mama akauliza alijua lini. Akasema siku ile ile. Yeye ndiye aliyeenda kulitoa gari polisi. Mvua ilikuwa inanyesha, kioo kikafunga, akawasha feni. Haikuzunguka. Akasimamisha gari. Akakumbuka waya.

"Nikaogopa, mama," akasema. "Nikatafuta neno."

Wiki sita amelibeba neno hilo duka kwa duka. Mdogo wake wa tumbo moja.

Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mkubwa akasema Marwa atazunguka mwenyewe, kila mahali aliposema lile, aseme hili. Mama mkwe akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nimerudi nyumbani sijala.

Jumatatu, 20 Mei

Mvua ndogo tangu alfajiri. Feni namba mbili, kioo safi chote. Kwenye kona ya mteremko nimepaona vizuri kwa mara ya kwanza. Mtaro, majani marefu, jiwe la kilomita. Sikusimama.

Nyarero, mama wa duka la kwanza amepokea skonsi, akazishika. Akasema bado za moto. Kisha akasema Marwa alipita jana jioni. Akasema kumbe hakuwa amekunywa.

Nikasema hapana, hakuwa amekunywa.

Akaniletea kiti. Nimekaa kidogo.