Goti la Binti Yangu na Maswali Kumi na Mawili

Jumatatu, 3 Machi

Nyumbani wote hawajambo. Baba watoto hajambo, mama mkwe hajambo na kelele zake, kitindamimba hajambo. Ila huyu binti yangu mkubwa, fundi cherehani wangu — wiki ya sita tangu apasuliwe goti, ukimuuliza anasema "nipo tu, mama." Nipo tu ni jibu gani hilo!

Nesi wa kliniki katupa karatasi ya maswali kumi na mawili, tujaze nyumbani. Unalalaje? Ngazi unapanda? Maumivu ni ngapi, sifuri hakuna kabisa, kumi hayavumiliki? Binti kaandika saba kwa penseli. Saba! Daktari aliyempasua kasimama saa tatu nzima juu ya goti hilo, leo tumlipe saba? Aibu. Alipokwenda kuoga nikafuta, nikaweka mbili. Adabu tu.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Daktari kaitazama picha ya goti — safi. Kasoma karatasi — maumivu mbili, safi pia. Basi, akasema, mazoezi yaishe, arudi kazini. Binti kabaki mdomo wazi. Mimi nikashika mkoba, twende zetu!

Lakini nesi yule — ana jicho! Alimwona binti akijiinua kwenye kiti kwa mikono miwili. "Dada, hii mbili ni yako kweli?"

Nikasema ni yangu mimi. Nikangoja kufokewa.

Daktari akacheka. "Mama, umenipa maksi za bure!" Halafu akavuta kiti, mtu mkubwa yule, akanieleza taratibu. Picha inaonyesha mfupa, haimwonyeshi mtu akikanyaga cherehani. Majibu ya wagonjwa anayasoma yote, mabaya kwanza. Zamani alikuwa akiwalaza siku tatu bila kutembea. Wao ndio waliomwandikia kwamba wanakakamaa. Akabadilisha. Daktari mzima anafundishwa na wagonjwa wake, wala haoni haya! Sijapata kuona.

Ijumaa, 7 Machi

Tumerudi kujaza upya. Majibu yakiwa mabaya, huenda goti likafunguliwa tena. Binti anaandika mwenyewe. Maumivu saba. Ngazi, kwa shida sana. Hapepesi macho. Jasiri huyu nilimzaa mimi?

Swali la mwisho: ungejua mambo yatakuwa hivi, ungekubali kupasuliwa? Kalamu ikasimama. Hakutaka kupasuliwa, mimi ndiye niliyembembeleza.

"Mama, nipishe kidogo."

Nimempisha. Niko kwenye benchi la korido. Nimemsihi nesi, binti akishaandika tu aje aniambie upesi, ndiyo au hapana. Mlango bado umefungwa.