Nyaya za Shaba Chini ya Mnara

Komarock, Nairobi
28 Julai 1996

Kwako dada yangu Millicent,

Pokea salamu zangu na za mke wangu Lydiah. Sisi ni wazima, ila baridi ya mwezi huu inatutesa na mtoto ana kikohozi. Mama je, miguu yake imepungua uvimbe? Na watoto wako wanaendeleaje na masomo? Barua yako ilinifikia Jumanne, nami nimeisoma na kuirudia.

Unauliza mumeo Wabwire alikosa nini, mtu wa kanisa kama yeye, hata akalazwa rumande. Nitakueleza yote, nikianzia kazini kwangu, maana mambo yalianzia huko.

Wewe huwaambia watu kwamba ndugu yako hurusha ndege. Sirushi. Mimi hutunza mitambo inayoongea nazo. Hapa kwenye kiwanja cha jeshi tuna mnara wa redio unaotuma mlio angani mchana na usiku. Rubani akiwa juu ya mawingu, haoni Nairobi wala nini, mshale ulio mbele yake huufuata mlio huo hadi nyumbani. Chini ya mnara tumezika nyaya za shaba, zimetandaa ardhini kama mizizi. Bila hizo mlio hudhoofika na mshale huyumba.

Mapema mwezi huu, asubuhi ya mawingu mazito, ndege yetu ilikuwa ikileta askari waliojeruhiwa kutoka Wajir. Rubani, Kapteni Ndung'u, akasema redioni kwamba mshale wake unazungukazunguka na chini haoni chochote. Nikaitwa mbio kwenye chumba cha waongozaji wa ndege. Tunacho chombo kingine kinachoonyesha sauti ya rubani inatokea upande gani, lakini ni lazima awe anaongea. Nikamwomba aongee tu, neno lolote. Akaanza kutupa habari za ng'ombe wake wa Kinangop, anakula nini, anakamuliwa na nani, anampiga nani teke. Mimi nikisoma chombo, mwongozaji akimwelekeza: kushoto kidogo, shika hapo hapo, sasa shuka. Alipotokeza chini ya mawingu, barabara ya kutua ilikuwa mbele yake. Kazi hii naijua, dada, na nasema hivyo bila haya.

Tulipofika kwenye mnara tulikuta ardhi imechimbuliwa na nyaya zimeng'olewa. Nikawafikiria wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na mumeo ni mmoja wao. Jioni hiyo nikaenda Kiamaiko kwa Wabwire. Nilizikuta nyuma ya banda lake, zimeviringishwa, zimefunikwa ngozi za mbuzi, udongo mweusi bado umezishika.

Hakukana. Alisema ameletewa na vijana, naye hakuuliza zimetoka wapi.

“Shemeji,” akaniambia, “shaba ni shaba. Usiposema wewe, nani atajua?”

Nikamweleza habari za ndege. Nikamwambia asubuhi twende pamoja kwa mkubwa wangu, azirudishe kwa mkono wake na awataje vijana hao, nami nitasimama naye. Alinisihi nikufikirie wewe na watoto. Mwishowe akakubali, tukaagana akisema tutakutana langoni.

Hakuja. Nilimngoja mpaka wenzangu wote wakaingia kazini.

Sasa dada, umeniandikia kwamba unajua ni Nyamai, yule muuza mbuzi jirani ya banda, aliyemchongea mumeo, na kwamba umeapa hutamsamehe. Mwondolee Nyamai lawama. Ni mimi. Niliingia kwa mkubwa wangu nikalitaja jina la Wabwire, kisha nikapanda gari la polisi nikawaonyesha njia. Tulimkuta akizipakia nyaya kwenye mkokoteni.

Niliumia, na bado naumia. Lakini siombi msamaha kwa hilo, na likitokea tena nitafanya vivyo hivyo. Wale waliokuwa ndani ya ndege nao wana dada zao. Kesi itasikizwa Agosti. Nitasema niliyoyaona, na nitasema pia kwamba nyaya zote zimepatikana, na kwamba amewataja waliomuuzia. Kuhusu shule ya watoto, niachie mimi.

Nimekuwa nikienda kumwona rumande. Mwanzoni alikataa kutoka. Jumapili iliyopita alitoka, akaniuliza, “Ile ndege ilikuwa na watu wangapi?” Nikamwambia tisa, pamoja na muuguzi. Akainamisha kichwa. Tulipoachana akanituma nikuandikie ukweli huu mimi mwenyewe, nisimwachie yeye kazi hiyo.

Msalimie Mama, na umsomee barua hii yote, usiruke mahali. Lydiah amekutandikia kitanda. Ukiwa na hasira, njoo nazo. Tutazipokea pamoja na wewe.

Ni mimi ndugu yako,
Makokha