Gunia Lenye Maji Juu ya Matairi ya Mutua

...na kwa hivyo ile sehemu ya magunia sikuiandika. Jumapili niliandika tu kwamba Mutua aliteleza kwenye kona ya pili, kwamba kifundo cha mkono kimevimba kidogo, kwamba Mungu ni mwema. Yote ni kweli. Lakini niliruka jambo moja, na leo ni Alhamisi, na bado halijaniacha.

Machakos imeamka na baridi. Mawingu yamelalia vilima vya Iveti, na nguo nilizofua jana bado zinatona maji kwenye kamba. Nimekunywa vikombe viwili vya chai na sijui ladha yake.

Kwa atakayeisoma shajara hii siku moja: nimeolewa, miezi miwili sasa, na Mutua, mwanamume mwenye sauti ya upole kuliko wote Ukambani. Siku za kazi yeye ni fundi wa magari hapa mjini. Siku za mashindano anaendesha gari dogo jekundu la Mzee Nzioka, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kyumbi. Mume wangu. Naandika neno hilo hata pasipo na haja.

Wengine huandikiwa barua za mapenzi. Mimi hufundishwa matairi. Tukiwa tunachambua maharagwe, Mutua huniambia kwamba tairi la mashindano si kama la gari la kwenda sokoni. Mpira wake ni laini, na una joto lake unalolipenda. Ukizidi joto hilo, unachemka, unaanza kujichubua na gari linateleza kama limekanyaga sabuni. Upepo ulio ndani nao huvimba, ndiyo maana asubuhi hujaza kidogo, akijua mchana utaongezeka wenyewe. Lami ya saa mbili na lami ya saa saba, anasema, ni barabara mbili tofauti.

Mbio za kwanza baada ya harusi yetu zilimponyoka hivyo. Alikuwa akiongoza, jua likawa kali, matairi yakachemka, akapitwa na magari matatu. Nilimwona akishuka garini na uso wa mtu aliyepoteza kitu. Nikaapa moyoni kwamba joto ni adui wetu.

Nilisikia nusu ya somo.

Jumapili jua lilitoka mapema. Kufikia saa tano fundi Musau, anayelihudumia gari hilo pamoja na Mutua, aliweka kiganja kwenye lami akakiondoa upesi. Madereva waliitwa kwenye mkutano wao, Musau akaenda kutafuta mafuta, nikabaki peke yangu kwenye hema letu. Nyuma ya gari niliyaona matairi manne ya mashindano, bado hayajafungwa garini, yamelazwa juani, hayana hata kivuli cha turubai. Nikadhani yamesahauliwa.

Sasa, mimi nimelelewa Kithimani. Mwaitu, mama yangu, huuza nyanya na mboga, na tangu nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa moja: jua likiwaka, lowesha gunia, funika. Nyanya zilizofunikwa gunia lenye maji hufika jioni zikiwa ngumu kama za asubuhi. Mikono yangu haikuuliza swali. Nilitafuta magunia mawili, nikayalowesha, nikayafunika matairi ya mume wangu kwa upendo wote nilio nao. Kila yalipoanza kukauka, niliongeza maji.

Nilipoona watu wanarudi niliyaondoa, nikayapangusa matairi kwa leso yangu mpaka yakang'aa. Niliona fahari. Musau aliyafunga mbio mbio bila kuyatazama, maana walikuwa wamechelewa kuitwa.

Kona ya kwanza Mutua aliipita akiyumba. Kona ya pili gari liliendelea mbele kana kwamba usukani hauna kazi, likapanda tuta la udongo na kusimama likitazama lilikotoka. Sikumbuki nilivyofika pale. Nakumbuka tu kwamba alikuwa ananitafuta kwa macho kabla hata hajafungua mkanda.

Watu walipojua hakuumia sana, mzaha ukaanza. Musau alisema bwana arusi ameendesha kama anayepeleka mayai sokoni. Mzee Nzioka hakucheka. Alilizunguka gari lake, akagusa bampa iliyovunjika, kisha akasema mbele yangu:

"Mutua, tangu uoe, macho yako yako nyumbani."

Akaongeza kwamba mwisho wa mwezi atasema nani ataendesha mbio zijazo. Kuna kijana wa Athi River anayeitaka sana nafasi hiyo.

Jumatatu tukila chakula cha mchana, Mutua alikuwa bado anajiuliza. Alichora kona ile mezani kwa kidole. Wenye hela, aliniambia, wana mablanketi ya umeme ya kupashia matairi joto. Sisi tuna jua, kwa hivyo yeye huyalaza nje tangu asubuhi kwa makusudi, yaote jua, ili yashike lami tangu mzunguko wa kwanza. Tairi baridi halishiki, hata lami iwe moto vipi. Linahitaji mizunguko miwili, mitatu. Basi ameamua kosa ni lake, labda aliingia kona kwa pupa.

Niliacha kutafuna.

Sikusema Jumatatu. Sikusema Jumanne. Jana nilimwona akizungusha sufuria kama usukani, akijizoeza kwa mkono ule uliovimba, nikaenda kulia bafuni. Ningeweza kuwa mjane kwa sababu ya ndoo ya maji.

Leo asubuhi, kabla hajavaa ovaroli, nimemwambia yote. Gunia, ndoo, leso. Nilizungumza nikitazama vidole vya miguu yake. Nilisikia uji ukimwagika jikoni na sikuinuka.

"Kwa hivyo, Mwende wangu," akasema, "ulinihifadhi kama nyanya."

Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka, nikilia. Nampenda mtu huyu kwa namna inayonitisha.

Lakini nilipomwomba amweleze Mzee Nzioka, alikataa. Hataki jina langu lichezewe na akina Musau. Afadhali waseme aliendesha vibaya. Amebeba kosa langu akaenda nalo kazini, huku akipiga mluzi, na mimi nimebaki na shajara hii. Je, Mzee akishampa yule kijana nafasi? Je, akidhani natafuta tu kisingizio cha kumwokoa mume wangu?

Hata hivyo mchana huu nimeliona moja la magunia yale likining'inia kwenye kamba, katikati ya nguo zetu, na nimeamua.

Mutua anaweza kukataa kusema. Hajanikataza kutembea. Kabla mwezi huu haujaisha, Mzee Nzioka, utaniona dukani kwako Kyumbi, na gunia lenyewe nitakuwa nimelibeba.