Masweta ya Mzee Niyongabo

Nyarugenge, Kigali
14 Julai 2024

Kwako dada yangu Auma,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani. U hali gani, na miguu ya mama yako inaendeleaje? Mimi na mwanangu Shema tu wazima. Mwanetu amenipita kwa urefu, na sauti imekuwa nzito hata akiniita kutoka chumbani nadhani nimepata mgeni.

Duka letu la sare za shule bado lipo. Majuzi nimeupaka rangi ule ukuta uliokuwa ukikuchukiza, na nilipokuwa nausugua nikazikumbuka zile Alhamisi zetu. Tulikuwa tunafunga mapema na kuteremka mtaa wa Rwezamenyo kwa mfumaji wetu, Mzee Niyongabo, na mkewe Médiatrice alitumiminia chai ya tangawizi hata kabla hatujakaa. Unakumbuka mzee alivyotuomba tumpelekee masweta yaliyochakaa ya wanafunzi? Aliyageuza ndani nje, akatafuta mahali mtoto alipoyachakaza. Ndivyo alivyogundua kwamba watoto wa ile shule ya Gisozi huegemea madawati kwa viwiko, akaanza kuvifuma viwiko kwa nguvu zaidi bila sisi kumwambia. Na kila uzi mpya aliufuma kipande cha majaribio, akakifua mara tatu na kukianika, ndipo akubali kuanza kazi. Wewe ulimtania kwamba anafua kuliko anavyofuma.

Tangu tuachane naye sijapata mtu wa namna ile. Anayeniletea sasa namjua kwa sauti ya simu tu. Nikimwambia shingo zinalegea, ananiuliza nataka katoni ngapi. Kijani cha mwezi huu si kijani cha mwezi uliopita, na namba nane ya leo haimwingii mtoto wa miaka sita. Simlaumu sana. Hajawahi kumwona hata mtoto mmoja aliyevaa kazi yake, wala mimi sijawahi kuiona mashine yake.

Mwezi uliopita aliingia mama mmoja na sweta letu la mwaka ule wa kwanza. Wanawe watatu wamelivaa kwa zamu. Limepauka, lakini viwiko vizima. Alitaka jipya kama lile kwa ajili ya kitinda mimba wake. Nikamwonyesha yaliyopo. Alilivuta moja kwa vidole viwili, akalirudisha taratibu, akaniaga kwa adabu. Adabu ile iliniuma kuliko tusi.

Auma, kuna neno nimekuficha miaka saba.

Yale masweta yaliyorudishwa na shule kwa magunia, yaliyorefuka hadi magotini baada ya kufuliwa mara mbili, hayakuharibiwa na Mzee Niyongabo. Niliyaharibu mimi. Ulipokuwa Kisumu kwenye matanga ya baba yako, shule iliongeza oda maradufu na kutaka mzigo kabla muhula haujafunguliwa. Niliogopa wangekwenda kwa mwingine. Nikaenda kwa mzee peke yangu, nikamtaka afume kwa uzi mmoja badala ya nyuzi mbili, na kufua aache kabisa. Alikataa. Alisema uzi ule ukiguswa na maji hautasimama. Nikamwambia kama hawezi, wafumaji mjini ni wengi. Akawasha mashine.

Uliporudi ukamuuliza mbele ya wateja kwa nini ametufanyia vile, alinitazama. Mimi niliyatazama magunia. Akasema, “Ni mimi nilikosea.” Ukamwambia asikanyage tena dukani kwetu, nami nikanyamaza. Siku unaondoka uliniambia kwamba kama mzee yule ameweza kutudanganya, huwezi tena kufanya biashara na mtu kwa kumwamini. Nilikubebea mabegi hadi kwenye basi, na bado nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata baada ya yule mama kuja dukani, niliteremka Rwezamenyo. Mzee amepungua mwili na macho yamefifia, lakini mashine yake ipo, anafuma kofia za watoto wachanga. Nilimwomba radhi mbele ya Médiatrice, ambaye miaka yote hii hakuwa amejua. Médiatrice aliinuka akaingia ndani, hakutoka tena. Nilitarajia mzee anifukuze au anisamehe. Aliniuliza jambo moja tu: “Na Auma, iko anajua?”

Nilipomwambia hujui, aligeukia mashine yake. Akasema tutaongea nikishakwambia.

Nimechagua kuandika kwa sababu kwenye simu ningekusikia unavyopumua, nikaanza kupunguza maneno. Sikuombi unijibu upesi, wala sikuombi unijibu. Lakini namba ya mzee ni ile ile. Ukitaka kumpigia, piga asubuhi na mapema, maana mashine ikishaanza kulia hasikii kitu.

Shema anakuamkia. Na Mama mfikishie salamu zangu, ukiona bado zinastahili kufikishwa.

Ni mimi mwenzako wa siku zile,
Connie